Mpira wa Namba Ngapi?

Jumatatu jioni tulikaa watano katika chumba kidogo pembeni ya thieta, chai imeshapoa, tukimjadili mama mmoja mwenye urefu wa sentimita 154. Sehemu ya juu ya pafu lake la kulia iliharibiwa na kifua kikuu alichotibiwa zamani. Katika shimo lililobaki limeota donge la fangasi, na donge hilo ndilo linalomkohoza damu. Jumatano afunguliwe kifua, sehemu hiyo ikatwe. Ili mpasuaji aifikie, pafu zima la kulia lazima linywee, la kushoto likibaki peke yake kumpumulia mgonjwa.

Anayelinyweza pafu ni sisi watu wa usingizi, na tunatumia mpira wa njia mbili. Mpira wa kawaida wa nusukaputi una njia moja, nao huishia katika koo la hewa, trakea. Huu ni mipira miwili iliyoungana ubavu kwa ubavu. Njia moja huishia kwenye trakea, na ya pili, iliyo ndefu zaidi, huingia katika bronki, yaani tawi la trakea linaloelekea kwenye pafu moja. Mara nyingi tunaipeleka kushoto, kwa sababu bronki ya kushoto ina kama sentimita 5 kabla ya kugawanyika, wakati ya kulia huanza kugawanyika baada ya sentimita 2 hivi na ni rahisi kuziba mlango wa sehemu ya juu. Kila njia ina puto lake, la trakea jeupe, la bronki la buluu. Puto la buluu ndilo mlinzi wa mpaka: likikaa sawasawa, damu na usaha wa upande mbovu havivuki kwenda upande mzima.

Mipira hii huja kwa namba: 26, 28, 32, 35, 37, 39, 41. Kipimo hicho kina jina la Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19. Gawanya namba kwa 3, utapata unene kwa milimita. Wa 35 una milimita 11.7, wa 41 una 13.7. Kati ya hiyo miwili kuna milimita 2, nazo ndizo tulizozigombania mpaka giza likaingia.

Nimeuandika mjadala kama ninavyoukumbuka, bila majina. Ila siwezi kujifanya msikilizaji tu, maana nina deni katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nyingine, nilimwekea mpira wa 37 mwanamke mfupi kuliko huyu, mwalimu wa madrasa. Ulikwama. Nikauzungusha, nikausukuma, ukapita. Upasuaji ulikwenda vizuri, kila mtu akapongezwa. Nilipoutoa, ncha yake ilikuwa na damu, na mwalimu akakaa wiki saba akinong'ona. Watoto wa chuoni walisomeshwa na mdogo wake. Hakunilaumu hata siku moja, kwani aliamini kukaukiwa na sauti ni sehemu ya maradhi yake. Picha za kifua chake zilikuwa kwenye faili siku nzima ile, na sikuzifungua kupima chochote.

Aliyeanza kusema Jumatatu ile ni mkubwa wetu sote. Amestaafu, lakini kesi za kifua bado anakuja kutusimamia.

MKONGWE: Mimi nilianza na mipira myekundu, ile ya Robertshaw. Hapakuwa na namba 35 wala 37. Kulikuwa na mdogo, wa kati na mkubwa, basi. Kabla ya hapo walikuwa na wa Carlens, wa mwaka 1949, wenye kijikulabu cha kunasa pale trakea inapogawanyika, na kulabu hiyo ikichana nyuzi za sauti ikiingia na ikitoka. Robertshaw aliiondoa mwaka 1962. Sasa, katika miaka yote hiyo sheria niliyofundishwa ni moja: weka mkubwa kuliko yote unaopita bila kulazimisha. Mama huyu anakohoa damu. Damu ikiganda kwenye njia nyembamba, utaivuta vipi? Mpira mkubwa unafyonzeka, kamera ya kuangalia ulipokaa inapita, hewa inatoka bila kubanwa. Na puto lake halihitaji upepo mwingi. Mwekeeni 37.

KIJANA: Shikamoo tena, Mzee, kabla sijakupinga.

MKONGWE: Marahaba, mwanangu. Pinga.

KIJANA: Mwaka 2008 madaktari wa usingizi wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 300. Baadhi ya madaktari hao walikuwa wakiweka 35 kwa kila mtu mzima, awe mrefu awe mfupi, mwanamume au mwanamke. Wagonjwa hao hawakupungukiwa na oksijeni kuliko wale waliochaguliwa namba kwa desturi, wala mpira haukuwasumbua zaidi. Kwa hiyo kwa nini tuumize koo la mtu? Koo linalouma, sauti inayokauka, na ikizidi sana bronki kupasuka, yote hayo yanaletwa na plastiki nene iliyosukumwa mahali finyu. Tuweke 35 tulale usingizi.

MKONGWE: Na mpira mdogo haupasui? Ukiwa mwembamba unateleza ndani zaidi ya ulipokusudia, ncha inakwenda kuchomeka kwenye tawi la chini. Puto halizibi, unaongeza upepo, halizibi, unaongeza tena. Ukuta wa bronki una uvumilivu wake. Waliopasuliwa bronki na mpira mdogo wamo kwenye vitabu, na wengi walikuwa wanawake kama huyu.

Hapo Mkongwe alikuwa na haki kabisa, na nataka msomaji alishike hilo. Ukimsikiliza kijana peke yake utadhani mpira mdogo ni huruma na mkubwa ni ukatili. Kumbe namba ile ile inaweza kuwa kubwa kwa mmoja na ndogo kwa jirani yake wa kitanda cha pili. Ukubwa unajulikana pale tu plastiki inapokutana na koo fulani. Wote wawili walikuwa wakibishana kuhusu namba huku koo lenyewe halijatajwa.

MIMI: Na jedwali je?

KIJANA: La Slinger wa Toronto? Mwanamke chini ya sentimita 160 apewe 35, kuanzia 160 apewe 37. Mwanamume chini ya 170 apewe 39, zaidi ya hapo 41. Mama ana 154, jedwali linakubaliana na mimi.

MIMI: Endelea. Jedwali hilo hilo linasema nini kwa mwanamke chini ya 152?

KIJANA: Atazamwe picha ya CT, afikiriwe 32.

MIMI: Basi huyu amelipita onyo kwa sentimita mbili. Nani alimpima urefu?

Hakuna aliyejibu mara moja. Urefu uliandikwa mapokezi, na sisi sote tunajua unavyoandikwa: mara nyingine mgonjwa anaulizwa tu. Lakini hata ungekuwa sahihi kwa milimita, urefu ni shahidi dhaifu. Watu wawili wanaolingana mabega wanaweza kupishana upana wa trakea kwa milimita tatu nne. Zaidi ya hayo, kifua kilichougua TB hubadilika umbo: kovu la juu kulia huivuta trakea upande wake kama kamba iliyolowa ikakauka, na bronki ya kushoto inanyooshwa na kupindishwa. Futi ya ukutani haina habari na mambo hayo.

MPASUAJI: Niwaambie ukweli, mimi namba hainishughulishi. Nikifungua nataka kuona pafu limenywea, na likinywea libaki limenywea. Lakini kwa nini msitumie mpira wa njia moja na kizibo? Unaingiza mpira wa kawaida, ambao koo lake litaupokea bila shida, kisha unapitisha kile kimrija chenye puto, unakiziba kwenye bronki ya kulia. Ubishi umekwisha.

MKONGWE: Kwa mgonjwa mkavu ningekukubalia, Dokta, na sauti yake ingetushukuru. Kwa huyu, hapana. Bronki ya kulia ni fupi, ukivuta pafu wewe mwenyewe kizibo kinachomoka. Kikichomoka, damu yote uliyoikusanya nyuma yake inamiminika kushoto, kwenye pafu pekee linalofanya kazi. Na kile kitundu cha kizibo hakifyonzi donge la damu.

MPASUAJI: Basi kiwe akiba, kama mmeshindwa.

Hilo likaandikwa. Wakati wote huo Sista, msimamizi wa thieta na stoo yake, alikuwa kimya na leja mapajani.

SISTA: Mnachagua kama mko dukani. Nilicho nacho ni hiki: 35 mitatu, 37 minne, 39 miwili, 41 mitano. Ya 41 inakaribia kuisha muda wake, kila mwaka ni hivyo hivyo. 32 sina, sijawahi kuwa nayo. Fomu ya kuagizia niliyoikuta ilikuwa na saizi nne tu, na mimi nimeendelea kuijaza kama nilivyoikuta.

MIMI: Huna hata moja iliyopita muda, ya kufundishia?

SISTA: Ya 35 ipo.

Alikwenda akarudi nayo, na kalipa ya kupimia skrubu za mifupa mfukoni. Jambo hili sikulitegemea, na ndilo lililoubadilisha mjadala. Namba iliyochapwa juu ya pakiti inaeleza unene wa shina, sehemu inayokaa kwenye trakea. Ncha, ile inayoingia bronki, ni nyembamba zaidi, na pakiti haisemi ni nyembamba kiasi gani. Watengenezaji hawalingani, hivyo 35 wa huyu na 35 wa yule unaweza kukuta ncha tofauti. Sista aliubana mpira kwa kalipa chini ya taa. Shina milimita 11.7, kama Charrière alivyoahidi. Ncha, puto likiwa tupu, milimita 9.5.

Ndipo nikafungua picha za CT za mama kwenye kompyuta. Bronki ya kushoto inashuka kwa mshazari, kwa hiyo ukiipima kwenye mkato wa kulala unaipima kama mtu anayekata muwa kwa pembe, upana unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Niligeuza picha nikatafuta mkato wa mbele, nikapima kwa kukatisha njia yenyewe, sehemu tatu, nikashika iliyo finyu. Trakea kwenye usawa wa mitulinga: milimita 13.6. Bronki ya kushoto: 9.1.

KIJANA: Ngoja. Brodsky wa Stanford alisema upana wa bronki ya kushoto ni kama 0.68 ya trakea. Mara 13.6... 9.2. Inalingana.

MIMI: Na ncha ya 35 ina 9.5.

KIJANA: Ingepita trakea bila kutuambia chochote, halafu ikwame chini.

MIMI: Na tunavyojijua, tungesukuma.

Inatakiwa ncha iwe nyembamba kuliko bronki kwa milimita 1 hadi 2, ili puto lipate nafasi ya kujaa kidogo na kuziba. Kwa mama huyu 35 ya kijana ilikuwa kubwa, na 37 ya Mkongwe zaidi; tulipaswa kushuka hadi 32. Jedwali nalo lilikosea. Silidharau, maana limewasaidia wengi, lakini limetokana na miili iliyopimwa mahali fulani. Hata kipimo cha trakea kwenye eksirei, alichokichapisha Brodsky mwaka 1996 na kikasifiwa sana, madaktari wa Singapore walipokijaribu kwa wagonjwa wao mwaka 1998 walikuta kinakosea mara nyingi, hasa kwa wanawake. Makoo ya watu wao wenyewe ndiyo yaliyokikosoa. Nikiwafikiria wanawake wa kwetu ambao wamewekewa 37 kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya rafu, nahisi uzito kifuani.

MKONGWE: Haya. Mmenipa 32. Sasa nisikilizeni, kwa sababu bado sijamaliza. Njia ya bronki ya 32 ina upana wa milimita 3.5. Kamera yetu ina 3.8. Haipiti. Mtauweka kwa kusikiliza kifua tu?

Tulinyamaza. Kijana akafungua kinywa akakifunga. Mkongwe alikuwa ametushika, tena kwa hoja nzito kuliko zote za jioni ile. Mwaka 1998 Wajerumani waliwatazama kwa kamera wagonjwa 200 ambao mpira ulikuwa umewekwa bila kamera na kusikilizwa kwa makini. Kwa zaidi ya theluthi moja haukuwa mahali pake. Mpira wa saizi sahihi usioweza kuuona ulipo unaweza kuwa hatari kuliko mpira mnene unaouona. Ndiyo sababu wengi katika hospitali zetu wanakimbilia namba kubwa: wanachagua kwa kufuata kamera waliyonayo, na koo la mgonjwa linalipa tofauti. Sikuwahi kulitazama hivyo mpaka aliposema.

SISTA: Wodi ya watoto mahututi wana kamera nyembamba. Milimita 2.8. Nilifanya kazi kule miaka minne, ndiyo waliyokuwa wakitolea karanga zilizowapalia watoto.

MKONGWE: Watakupa?

SISTA: Wataniazima mimi. Ninyi hawatawapa.

Akatoka na simu sikioni. Aliporudi alikuwa amepata kamera kwa Jumatano asubuhi, irudi kabla ya saa nane. Alikuwa pia amemtafuta mwenzake wa hospitali ya mkoa jirani, mwenye mipira miwili ya 32 tangu zamani, mmoja ungefika kesho kwa basi la jioni. Mpasuaji alitaka kujua kama damu inaweza kusubiri mpaka basi lifike. Iliweza.

Kilichobaki kilikuwa kazi, si ubishi. Mkongwe alidai mrija wa kufyonzea wa namba 8 ujaribiwe kwanza, maana una milimita 2.7 na ungeteleza ndani ya 3.5 ukipakwa jeli. Alidai pia mama apewe muda mrefu wa kutoa pumzi kwenye mashine, kwa kuwa njia ni finyu na hewa huweza kunaswa ndani ya pafu. Mpira wa kawaida na kizibo vikae tayari juu ya meza. Kisha akaongeza hili, akilielekeza kwa kijana.

MKONGWE: Na upepo wa puto la buluu usiupime kwa mkono. Chukua bomba la sindano la mililita 3, si la 10. Ukimaliza zote tatu na hewa bado inavuja, tulikosea, mpira ni mdogo. Ukikuta limeziba bila upepo wowote, tulikosea upande wa pili. Andika ulichotia. Puto linajua upana wa bronki kuliko kompyuta yenu.

Jumatano ule wa 32 ulipita kwenye nyuzi za sauti kama mkono unaoingia mfukoni. Kanuni ya kina ni sentimita 29 kwa mtu wa 170, ukipunguza 1 kwa kila 10 za urefu, na kwa mama iliangukia 27 na kitu. Tulipoishia kwenye 27 kamera ilituonyesha ukingo wa buluu chini kidogo ya mgawanyiko, upande wa kushoto, mahali pake. Puto lilichukua mililita 1.5. Tulipomgeuza akalalia ubavu wa kushoto, mpira ulitoka nje karibu sentimita nzima. Tukauona kwa sababu tulirudia kuangalia, tukaurudisha. Donge la damu lilikuja saa moja baadaye, na mrija wa namba 8 ulilivuta kwa shida, mara tatu, Mkongwe akiwa amesimama nyuma yangu na akihesabu kwa sauti. Kwa 37 lingetoka mara moja. Nalisema kwa sababu ni kweli na ni haki yake.

Alhamisi asubuhi mama aliomba uji. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo, ikasafika kabla ya jioni. Sista alikuwa ameshaongeza mstari wa tano kwa kalamu kwenye fomu ya kuagizia, 32, na kupunguza 41 kutoka mitano kuwa miwili.

Tulipokuwa tukitoka wodini Mkongwe alimshika kijana bega.

"Na yule baba tutakayempasua Jumatatu ijayo, bronki yake ina ngapi?"

Kijana akatoa kikaratasi mfukoni.

"Kumi na mbili nukta tatu, Mzee. Yeye kwa kweli anahitaji mkubwa."

"Ncha ya 41 yetu umeipima?"

Hakuwa ameipima. Wakageuka, wakarudi stoo kumwomba Sista kalipa.